Upanga wa kwenye gemu na macho mekundu ya bibi

Mzazi mwenzangu, swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa anayecheza gemu la Minecraft kwenye simu ya baba yake. Mama mkwe wake amekuja kutoka kijijini Magu kutibiwa macho. Jioni moja wakiwa mezani, mtoto akamuuliza bibi yake mbele ya watu wote: "Bibi, mbona macho yako mekundu hivyo? Nikikupiga na upanga wangu wa Smite utakufa haraka?"

Baba akacheka. Bibi akaacha kula, akanawa mikono, akaenda kulala na ugali wake haujafika nusu. Mama anauliza: "Nimfutie hilo gemu? Au nimchape? Na kwa mama mkwe nianzie wapi?"

Mama, usikimbilie kufuta gemu, na fimbo iache ukutani. Kuna mambo mawili ya kuelewa kwanza: upanga huo ni upanga gani, na kwa nini bibi aliacha chakula. Ukishayaona yote mawili, cha kumwambia mtoto utakipata mwenyewe.

Upanga wenyewe

Wazazi wengi tunaona gemu kwa mbali tu. Tunasikia milio, tunaona vijumba vya miraba, basi. Tuusogelee kidogo.

Minecraft ilitengenezwa na Markus Persson wa Sweden, ikaanza kuchezwa mwaka 2009. Mchezaji anachimba, anajenga, analima na kufuga. Usiku ukiingia wanatoka mazombi na mifupa inayotembea. Chini ya ardhi nako kuna vyumba vya giza vyenye kizimba kinachotema mazombi mmoja baada ya mwingine mpaka ukivunje au ukimulike kwa mienge. Kukikucha, mazombi waliobaki juani huungua.

Mchezaji anaweza kuuwekea upanga wake nguvu za kichawi. Mojawapo ya nguvu hizo huitwa Smite, nayo ina ngazi 5. Kila ngazi inaongeza madhara ya pointi 2 na nusu kwa kila pigo, na zombi ana uhai wa pointi 20. Kwa hiyo upanga mzuri wenye Smite ya ngazi ya 5 unamwangusha zombi kwa mapigo mawili hivi.

Sasa sikia sharti lake, maana mazungumzo yetu yote yamesimama hapo. Nguvu hiyo inafanya kazi kwa wafu wanaotembea peke yao. Ukimpiga buibui kwa upanga huo, Smite haiongezi kitu. Ukimpiga ng'ombe, haiongezi kitu. Ukimpiga mwanakijiji aliye hai, haiongezi kitu. Ni kama upanga unatambua nani ni mfu na nani ni mzima.

Wazo hili ni la zamani kuliko Minecraft. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji hujifanya mashujaa wanaoingia kwenye mapango na mahandaki. Humo ndani kulikuwa na wafu wanaotembea, na baadaye zikaja silaha maalumu za kuwapiga hao tu. Magemu mengi ya kompyuta yalirithi kutoka hapo.

Kwa nini upanga wa namna hiyo haukosei? Kwa sababu aliyemtengeneza zombi na aliyeutengeneza upanga ni walewale. Walikaa kwenye kompyuta, wakaandika: huyu ni mfu, yule ni mzima, na upanga ufuate orodha hiyo. Mtoto wako hana haja ya kufikiri nani ampige. Kazi hiyo ilishafanywa na watu asiowajua. Yeye anabonyeza tu.

Zombi wao na msukule wetu

Neno zombi limefika kwenye sinema na magemu likitokea Haiti, kisiwani ambako Waafrika walipelekwa utumwani kulima miwa. Wataalamu wengi wanalihusisha na lugha za Kongo. Zombi wa Haiti hakuwa mla watu kama wa sinema. Alikuwa mtu aliyekufa ambaye mwingine amemwamsha ili amfanyize kazi, asipumzike hata baada ya kufa. Ukijua walikuwa watumwa, utaelewa kwa nini hofu yao kubwa ilikuwa hiyo.

Sisi wa kanda ya ziwa hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo. Tumekua tukisikia habari za misukule: mtu amezikwa, watu wamelia, kisha inasemwa hakufa, amechukuliwa, analimishwa shamba la mtu usiku na kulishwa pumba. Wengine huku nchini humwita ndondocha. Watoto wetu wanasikia habari hizi shuleni, kwenye daladala, kwenye filamu za Kibongo, na kwa watu wazima wanaodhani mtoto aliyelala hasikii.

Kwa hiyo mtoto wa Buhongwa anaposhika simu na kumpiga zombi, kichwani mwake hayuko Marekani. Anaunganisha alichokiona kwenye kioo na alichokisikia mtaani. Gemu limempa upanga, na mtaa umempa alama ya kumtafutia mchawi: macho mekundu. Gemu halikumfundisha alama hiyo. Imetoka kwetu.

Kwa nini bibi aliacha kula

Sijaja hapa kubishana na imani ya mtu. Nasema jambo moja ambalo kila mtu wa Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita analijua: kwa miongo mingi, vikongwe wa huku wamekuwa wakikatwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa sehemu ya ushahidi wa kuwahukumu.

Macho hayo yanatoka wapi? Yanatoka jikoni. Usukumani miti imepungua siku nyingi. Mwanamke anapikia kuni mbichi, mabua, hata kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutolea moshi. Fanya hivyo tangu ukiwa binti mpaka una wajukuu kumi, uone macho yako yatakuwaje. Macho ambayo yangekuwa cheti cha miaka hamsini ya kulisha watu yakageuzwa kuwa hati ya mashtaka.

Mchumi wa Kimarekani Edward Miguel alifanya utafiti vijijini Meatu, ambako sasa ni mkoa wa Simiyu, akauchapisha mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili, lakini mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee wa kaya maskini. Tafakari hapo, mzazi. Mvua ikikosekana, chakula kikipungua, bibi anageuka mchawi. Mwaka wa mavuno mazuri, bibi yuleyule ni bibi tu.

Na nani humwonyesha kidole? Mara nyingi ni mpiga ramli. Mtu amefiwa na mtoto, ng'ombe wamekufa, anakwenda kuuliza nani kafanya. Yule analipwa ili ataje, naye anataja. Serikali ilifuta leseni za waganga wa kienyeji mwaka 2009, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli, mara zote mbili kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Amri ilitoka, lakini hofu haifutwi kwa amri peke yake.

Sasa rudi mezani Buhongwa. Bibi yule ametoka Magu. Huko Magu liko shirika la MAPERECE ambalo limefanya kazi miaka mingi, likishirikiana na HelpAge, kuwalinda wazee dhidi ya tuhuma za namna hii. Kama kazi hiyo ilihitaji shirika, ujue tatizo halikuwa dogo. Bibi wa umri huo huenda amewahi kuzika jirani au dada kwa sababu hiyo. Amekuja mjini kwa mwanawe atibiwe macho, akidhani kwa mwanawe ndiko salama. Mjukuu anamuuliza kuhusu macho na upanga katika sentensi moja, na mwanawe anacheka.

Bibi hakuogopa gemu. Alisikia sentensi anayoijua.

Mama aliyesema "huyu ni panzi"

Wasukuma wana hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni. Iko pia kwenye kumbukumbu za Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma. Kila nyumba ina namna yake ya kuisimulia, lakini mifupa yake ni hii.

Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, jina lake Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akamuuliza mama yake: watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Mtoto akachukua silaha akaenda kulitafuta zimwi.

Siku ya kwanza akarudi kwa shangwe: mama, nimemuua Shing'weng'we! Mama akatazama, akamwambia huyu ni panzi, tumchome tule. Siku nyingine akarudi na ndege, akidhani ndiye. Mama akamwambia hapana, huyo ni ndege. Akaleta na swala. Mama akamwambia hapana, siye. Mtoto alikuwa na silaha, alikuwa na ujasiri, alikuwa na hasira ya haki. Kitu alichokosa ni kimoja: hakujua zimwi linafananaje. Kila mara mama yake ndiye aliyemsahihisha, bila kumcheka na bila kumpiga.

Mwishowe alikutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua mgongo, watu wote wakatoka wakiwa hai. Lakini alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Bibi yule akakasirika, akamtukana, akatafuta hata kumdhuru. Shujaa wetu alifanya nini? Hakumwita zimwi jipya. Alitafuta dawa, akamtibu sikio lake. Baada ya hapo ndipo watu wakamweka kwenye kiti cha utemi.

Ndugu zangu, wazee waliotunga hadithi hii waliijua silaha vizuri. Hata mikononi mwa shujaa, hata siku ya ukombozi, kisu cha kweli kinaweza kumkata asiyehusika. Panga halina macho. Upanga wa kwenye gemu una orodha iliyoandikwa ndani yake, lakini la kwetu halina orodha. Ndiyo maana kazi ya mzazi ni ileile ya mama wa Masala Kulangwa: kukaa karibu na kusema, kila mara, mwanangu, huyu ni panzi.

Na ukitaka kujua kama gemu lenyewe linajua hilo, muulize mtoto habari za wanakijiji. Katika Minecraft, mwanakijiji akiuawa na zombi anaweza kugeuka zombi naye. Mchezaji anaweza kumpiga kwa upanga wa Smite akafa mara moja. Lakini iko njia nyingine: unamrushia chupa ya dawa ya kumdhoofisha, unamlisha tufaha la dhahabu, yaani epo, unasubiri dakika chache huku unamkinga, naye anarudi kuwa mtu. Akishapona anakuuzia vitu kwa bei nafuu kwa sababu ulimwokoa. Njia hii ni ndefu na ina gharama, maana dhahabu haiokotwi. Watoto wengi wanaijua. Ni sisi ambao hatujawahi kuwauliza.

Cha kufanya nyumbani

Mama wa Buhongwa, nawe uliye na swali kama lake, haya ndiyo ninayoshauri.

Kwanza, nenda kwa mama mkwe wako kabla hujamshughulikia mtoto. Nenda na mumeo, maana yeye ndiye aliyecheka. Pigeni magoti kama mlivyofundishwa kwenu. Msimwambie "mtoto alikuwa anatania". Mwambieni mmesikia alichosikia yeye, na kwamba nyumba hiyo ni yake na ndani yake hakuna atakayemgusa. Mzee akiamua kunyamaza, mwacheni anyamaze. Akiamua kusimulia, kaeni chini msikilize.

Pili, mweleze mtoto habari za moshi. Mtoto wa miaka tisa anaelewa jambo analoliona kuliko hotuba. Washa mkaa au kuni, mwache asimame upande wa moshi kwa muda mfupi mpaka macho yamwashe, kisha mwulize: ingekuwa kila siku, asubuhi na jioni, miaka hamsini? Halafu mpe kazi. Awe ndiye anayemshika bibi mkono kwenda kliniki, anayemkumbusha saa ya dawa ya macho, anayemletea maji ya kunawa. Masala Kulangwa alitafuta dawa, naye atafute.

Tatu, keti naye acheze ukiwa unaona. Mwambie akuonyeshe upanga wake. Usijifanye unajua. Kisha mwulize maswali matatu: Upanga huu unajuaje kwamba yule ni zombi? Nani alimwambia? Je, huku nje kuna mtu aliyeandikiwa hivyo? Mwache ajibu mwenyewe. Jibu la swali la tatu likitoka kinywani mwake, litakaa kuliko likitoka kwako.

Nne, angalia umri na usiku. Minecraft imepewa alama ya miaka 7 kule Ulaya na miaka 10 kule Marekani. Kwa mdogo anayeota ndoto mbaya, ndani ya mipangilio ya gemu kuna hali iitwayo Peaceful. Ukiichagua, mazombi hawatokei, mtoto anajenga na kufuga tu. Simu irudi kwa mwenyewe walau saa moja kabla ya kulala. Na kama anachezea kwenye kibanda cha gemu mtaani, pita siku moja uone anacheza nini na nani, maana huko yako magemu ya damu ambayo hayafanani kabisa na hili.

Tano, na hili ni letu watu wazima: tuchunge midomo. Mtoto hakuzaliwa akijua kwamba macho mekundu ni uchawi. Alisikia kwa mtu. Ukisema "yule bibi wa nyumba ya pili simwelewi" mbele ya watoto watatu, umeandika orodha. Wewe umeshasahau kesho yake, wao wanakua nayo. Siku moja watakuwa vijana wenye nguvu na panga la kweli la kufyekea, mwaka ambao mvua haikunyesha.

Mwisho, kama tuhuma za uchawi zimeanza kuzungumzwa juu ya mzee au mtoto wa mtaani kwenu, usisubiri zikomae. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa jambo linalomhusu mtoto, piga namba 116, haina malipo. Mtoto naye aijue namba hiyo.

Gemu liache, mama. Likitumiwa vizuri linaweza kukupa njia ya kuzungumza jambo ambalo wazazi wengi wa huku hatukuzungumziwa, tukaja kuliona likiwa limeshatokea. Leo jioni, ukishaosha vyombo, waite wanao uwasimulie Masala Kulangwa. Usisahau sehemu ya panzi, na usiruke sehemu ya sikio la bibi.

Tukutane juma lijalo.